Baiskeli ya Kumbebea Mama

Kila asubuhi nilikuwa nampelekea mama uji, namwamkia, "Shikamoo mama," naye ananijibu, "Marahaba, mgeni. Karibu." Adabu tele. Ananiuliza nimetoka wapi, kama njiani kuna mvua, kama watu wa kwetu hawajambo. Mimi ni mtoto wake wa mwisho, wa kike peke yangu, nimezaliwa katika chumba hicho hicho alichokuwa ananikaribishia. Siku za kwanza nilikuwa nabisha. Nalia, naapa, napandisha suruali nimwonyeshe kovu la gotini la tangu utotoni. Anatazama kovu, ananipa pole.

Sitaki kujisafisha. Niliondoka kwetu Ihanda kwa hasira, nikavuka mpaka wa Zambia pale Tunduma kumfuata mwanamume ambaye mama alimkataa, na siku natoka nilisema sirudi mpaka aniombe radhi. Mimi ndiye niombwe radhi, eti. Nikakaa huko Nakonde miaka tisa nikiuza vitenge. Kutoka Nakonde mpaka Ihanda si safari, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo na jioni unapika. Miaka tisa. Majirani wameniambia mama alikuwa akitoka kanisani Jumapili anakwenda kukaa kando ya lami, anaangalia mabasi yanayotoka Tunduma. Yule mwanamume alishaniacha mwaka wa nne, tukabaki mimi na kiburi changu. Baba alipofariki, habari zilinifikia watu wameshaanua matanga. Ndipo nikarudi. Mama alikuwa mlangoni. Akanitazama, akaniuliza namtafuta nani.

Basi nilichokitaka ni kimoja, nakisema wazi: nilitaka aniite mwanangu, mara moja tu, akijua ni mimi, kabla hajafa. Ningemwomba radhi hapo hapo. Mtu anayekukaribisha kama mgeni huwezi kumwomba radhi. Nilijaribu. Akanijibu kwa upole kwamba mimi na yeye hatujawahi kukosana.

Baba alikuwa fundi baiskeli, kazi yake aliifanyia uani kwetu. Aliacha magunia mawili ya vyuma na sanduku moja la spana. Kaka yangu mkubwa, anayefanya biashara Tunduma, alitaka kuita watu wa skrepa waje wazoe vyote. Nikamwambia aviache. Sikuwa na sababu ya maana, ila mimi nimekulia humo. Kaka zangu walikwenda shambani kwenye kahawa, mimi nikabaki namshikia baba spana. Nimejua kukaza spoku kabla sijajua kusuka nywele.

Siku moja, mvua zimeshakatika, nilikuwa natafuta waya wa kufungia banda la kuku. Nikavuta gurudumu moja kutoka kwenye gunia, la nyuma, bado lina kile kidude cha katikati kinacholia likizunguka bure. Nikalizungusha tu, mkono hauna kazi. Likalia tiki tiki tiki. Mama alikuwa amekaa barazani. Akainuka mwenyewe, yeye ambaye kuinuka ni mpaka ashikwe mikono miwili, akaja akijishikiza ukutani. Akakaa chini karibu na gurudumu, akaliwekea kiganja mpaka likasimama. Kisha akasema kwa Kinyiha, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nirudi, "Spana huwa anashika binti yetu. Mwite."

Nikamwambia, "Mama, nipo."

Akaniangalia vizuri. "Si wewe, mgeni," akasema. Wala hakusema kwa ubaya.

Mtu mwenye akili zake timamu angesikia "si wewe." Mimi nilisikia "binti yetu." Usiku kucha nilikuwa na furaha ya kijinga. Niliona nimepata mlango: mama amepotea, lakini kwenye baiskeli bado yupo, na mimi nipo hapo hapo pembeni nimeshika spana. Baba alikuwa akimbeba mama kwa baiskeli kila Jumapili, yeye mbele, mama nyuma kwenye keria, toka wakiwa wachumba mpaka magoti ya baba yalipogoma. Nikaamua nitaunda baiskeli nimbebe. Atakapopanda atakumbuka, na akikumbuka atafika kwangu. Hivyo ndivyo nilivyojipangia.

Baiskeli ya baba yenyewe ilikuwa imepasuka fremu chini ya tandiko. Halafu ni ndefu, keria yake inanifika kiunoni. Mama magoti yalishavimba, mguu haupandi hata ngazi moja. Ila ndani ya lile gunia la pili kulikuwa na nusu baiskeli ya mzungu mmoja aliyewahi kupita barabarani akizunguka nchi za watu, ikamfia karibu na kwetu, akamwachia baba. Baba aliicheka miaka yote. Matairi mapana kama ya pikipiki, usukani umetanuka kama pembe za ng'ombe, chuma cha katikati kimebonyea chini ili mtu apande bila kuinua mguu. Baiskeli ya kukaa kizembe, alikuwa anasema, huyu anakwenda matembezi, hendi mashineni kusaga. Nikaiona ndiyo hiyo. Nikachukua mbele ya ile ya mzungu na nyuma ya ile ya baba, katikati nikaweka kipande cha bomba ili iwe ndefu, nyuma nikafunga gurudumu dogo la baiskeli ya mtoto, keria ikashuka mpaka usawa wa goti.

Ukiisema hivi inaonekana kazi ya siku tatu. Ilinichukua miezi mitatu.

Fundi wa kuchomelea yuko Vwawa mjini. Mara ya kwanza nilipomshushia vile vipande alivizunguka, mikono nyuma. "Dada, hii ni baiskeli au kitanda?"

"Choma."

"Nauliza nijue kama nichome miguu minne."

"Nimekuletea chuma, sikukuletea maneno," nikamwambia. Akacheka, akachoma, akakichoma kikaenda upande. Nikarudisha. Umeme ukakatika. Nikarudi tena kesho yake. Baiskeli ilikuwa ndefu mno, mnyororo mmoja hautoshi, nikaunga miwili, mmoja umetumika na mwingine mpya. Mnyororo uliotumika huwa umetanuka, meno hayakubaliani, kila ukikanyaga kwa nguvu unaruka. Wiki mbili zilikwenda kwenye mnyororo tu. Baba angeniambia tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nalijua hilo, nimelisahau kwa sababu ya haraka. Kila kitu nilikifanya kwa haraka, kwa kuwa kila wiki mama alikuwa anapungua. Jina la kaka likapotea. Jina la mchungaji likapotea. Nilikuwa nakaza nati huku nahesabu nini kimebaki.

Sasa niseme na hili, ingawa silipendi. Nikienda Vwawa nilikuwa namfungia mama ndani. Mara moja nilimwachia mlango wazi nikamkuta kwenye lami, katikati ya foleni ya malori yanayokwenda Tunduma, anamwuliza dereva kama amemwona binti yake. Kwa hiyo nafunga. Narudi namkuta amegonga mlango mpaka mikono imechubuka. Amejikojolea. Mimi nimechoka, fundi amenipotezea siku nzima, nampigia kelele. Ukikaa Zambia miaka mingi hasira inatoka kwa Kibemba, hata hujui. Mama anajikunja kwenye kona ya kitanda, ananitazama kama mtu anayetazama askari. Siku zile za "karibu mgeni" zikaisha. Akawa hanijibu shikamoo. Nikimpa uji ananusa kwanza.

Kaka wa Tunduma alinipigia simu. Nikamweleza habari za mnyororo, habari za keria, akanisikiliza mpaka mwisho. "Mdogo wangu," akasema, "kaa naye tu. Mpikie, ukae naye. Mama hataki baiskeli."

"Wewe unakaa naye?" nikamwuliza. Nikakata simu bila kungoja jibu. Alikuwa na haki, na ndiyo maana nilikata.

Ilipofika Julai ilikuwa imekwisha. Sitajisifu, lakini ilikuwa nzuri. Niliipaka rangi nyekundu ya mabati iliyobaki kwenye nyumba. Keria nilishonea godoro dogo, nikaweka chuma cha kuegemea mgongo na vikanyagio viwili vya miguu. Vipimo vyote nilivichukua kwa kamba, mama akiwa amelala: goti mpaka kisigino, nyonga mpaka goti, upana wa makalio yake, ambayo yalikuwa yameisha. Nikafunga kengele. Ninyi mliowahi kufika kwetu Mbozi mwezi huo mnaijua baridi yake, ukungu mpaka saa nne. Nikavaa koti la baba la sufu, lile lililokuwa limening'inia nyuma ya mlango, kwa sababu ndilo zito kuliko mengine. Nikamtoa mama nje.

Aliiona. Sikukosea kuhusu hilo. Aliiona akasimama, uso ukafunguka wote. Akaja mwenyewe. Nikapanda mimi kwanza, nikaishikilia baiskeli imara, nikageukia mbele ili aegemee bega langu, akakaa kwenye keria bila tabu yoyote, kimo kilikuwa sawasawa kabisa. Nikatoa kitenge nikatufunga pamoja, kiuno chake na changu, asianguke. Mwanamke ambaye wiki nzima alikuwa hataki hata nimguse alinizungushia mikono tumboni.

Tukaondoka. Ile njia ya kwenda kanisani inashuka kidogo kati ya kahawa za watu, watu walikuwa wanachuma, wakaacha kuchuma wakatuangalia. Matairi yale yalikuwa yanameza mawe yote. Mnyororo haukuruka. Mama akalaza shavu mgongoni kwangu, nikalihisi joto lake kupitia lile koti, na nilikuwa nimeshajiandaa. Maneno yote ya kuomba radhi yalikuwa mdomoni. Nilikuwa nangoja aseme neno lile moja tu.

"Baba watoto," akasema.

Nikaendelea kukanyaga. Ndipo nilipojua nilichokifanya. Miezi mitatu nimempima mama kila mahali mwilini, na sikuwahi hata siku moja kufikiria macho yake yatakuwa yanatazama wapi. Aliyebebwa kwenye keria anaona mgongo. Nilimtengenezea mama kiti ambacho hawezi kuniona uso, nikavaa koti la mumewe, nikakaa mbele yake.

"Umekawia," akasema. "Nilikuwa peke yangu."

Ningeweza kusema, "Mama, ni mimi." Nimeshaulizwa na kaka kwa nini sikusema. Wewe hukuwepo, nikamwambia, hukuisikia hiyo sauti. Ilikuwa sauti yake ya zamani, imetulia, haina woga hata kidogo. Nikajibu kwa sauti nene ya chini, "Nimekuja."

Akaniambia habari nyingi. Kuku, mahindi, paa la jikoni. Mengine yalikuwa ya kweli. Kisha akanivuta koti, akasogeza mdomo karibu, kama watu wazima wanaposema jambo ambalo watoto wasilisikie.

"Pale nyumbani kuna mwanamke," akasema. "Katoka Zambia. Simjui. Ni mkali, ananigombeza kwa lugha yake, nami namwogopa."

Nikakanyaga tu.

"Mwondoe, baba watoto. Mwondoe kabla binti yetu hajarudi. Akimkuta yule pale, atadhani tumeweka mtu mahali pake, ataondoka tena."

Tulikuwa tumeshafika kanisani. Nikageuza baiskeli taratibu, ni ndefu, inataka barabara nzima kugeuka. Machozi yalikuwa yananitoka, lakini mgongo nikaukaza usitikisike.

"Nitamwondoa," nikasema.

"Lini?"

"Kesho."

Akaridhika. Akanibana tumbo kwa mikono yake iliyokonda, akaanza kuimba polepole wimbo wa kanisani, wote, beti zote, hakukosea hata neno. Tukapanda ule mwinuko hivyo hivyo. Paa letu likaonekana, kisha uani kwetu, kisha mlango niliouacha wazi. Nilijua nikisimama itabidi nishuke, nifungue kitenge, nimgeukie nimsaidie kushuka, naye ataniona. Sikusimama. Nikaipita nyumba yetu, nikaendelea kukanyaga, naye anaimba.