Kiganja cha Mama Yake

Ukitaka kuniudhi, niambie hivi: "Lakini si unampenda?" Nimeambiwa neno hilo na mama mdogo, na shangazi, hata na dada mmoja wa saluni pale Kibiti aliyekuwa hanijui, na kila aliyelisema alilisema kama vile maneno yameishia hapo. Ptuu! Hata paka wetu nampenda. Niolewe naye?

Tuelewane. Mimi sikulazimishwa na mtu. Yule kijana nilimpenda mwenyewe, kwa macho yangu na akili zangu timamu. Alikuwa anakuja kwetu Mbuchi kununua kaa, anawapeleka Nyamisati, na kutoka hapo Kibiti kwao. Wanunuzi wengine wakishuka kwenye boti wanakunja sura kwa sababu ya matope. Yeye alivua ndala, akaingia mpaka magotini, huku anawatania wanawake wote tuliokuwa tunasubiri mizani. Mimi akaniita "mama wa kaa wakali". Nilicheka peke yangu siku nzima. Alikuwa na sauti nzuri, meno mazuri, na akisema atakuja Alhamisi, basi Alhamisi yupo. Nani asingempenda? Wazee wake wakaleta posa, baba akaipokea, na mimi nikawa nalala na simu mkononi.

Harusi ilipokaribia, mama mdogo alinipeleka Kibiti kununua vyombo. Mvua ikatukamata barabarani, na nyumba ya karibu ikawa ndiyo hiyo ya kwao. Mchumba hatakiwi kuonekana ovyo ukweni, lakini mvua ile haikuwa ya kubishana nayo. Mama yake alitupokea kwa furaha ya kweli. Alikuwa mama wa watu, mwembamba, goti moja bovu, anatembea amelishika. Wao asili yao ni milimani huko kusini, wakulima, samaki kwao ni wa kununua. Siku hiyo alikuwa amepika mwatiko wa nazi.

Mwatiko ni mtamu, lakini ana miiba mingi ajabu, midogo midogo, imejaa kila mahali. Kwetu mtoto akianza tu kula wali anafundishwa: tafuna taratibu, usukume mwiba kwa ulimi, utoe kwa vidole, weka pembeni ya sahani. Hakuna mtu anayeliona hilo kuwa kazi.

Mchumba mwenyewe akarudi kutoka sokoni, akatuamkia kwa adabu, akaingia chumba cha pili kula. Mama yake akaniambia, "Mwanangu, mpelekee mwenzio maji ya kunawa." Nikachukua birika na beseni, moyo unanidunda kwa haya. Nikamnawisha. Mama yake naye akaingia nyuma yangu, akaketi mkekani ubavuni kwake, akalikunja lile goti kwa shida. Kisha akafungua kiganja cha kushoto, akakiweka chini ya kidevu cha mwanawe.

Sikuelewa. Yule bwana akala tonge, akatafuna, macho kwenye simu. Akageuza shingo kidogo tu, akatema. Kwenye kiganja cha mama yake! Mwiba, mate, na punje za wali. Hata hakumtazama. Mama akapangusa kiganja kwa kitambaa, akakifungua tena, akasubiri. Tonge la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Mwanaume mzima, ndevu kidevuni, anatemea mkono uliomlea! Nikaliweka beseni chini kabla halijanidondoka.

Mama yake akaniona nilivyokodoa macho, akacheka. "Alikwamwa na mwiba alipokuwa mdogo, nusura afe. Tangu hapo ndiyo nikamzoesha hivi, nione kama umetoka. Njoo ukae upande huu uone ninavyofanya. Mimi nimezeeka, mwanangu. Sasa zamu yako."

Naye akainua uso, akanitabasamia kwa yale meno yake mazuri, punje ya wali imemganda mdomoni. "Utazoea tu," akasema. Na sauti ilikuwa ile ile niliyokuwa naingoja kila Alhamisi. Hilo lilinikirihi kuliko mate yenyewe, kwamba bado niliipenda.

Njiani nikamweleza mama mdogo. Alicheka mpaka khanga ikamvuka begani. "Miiba! Wenzio wanapigwa, wewe unalilia miiba? Utamfundisha taratibu. Kwani humpendi?"

"Nampenda."

"Haya basi."

Nikampigia mwenyewe simu. Nikamwambia, mwenzangu, tukishaoana, nyumbani kwetu utatemea kwenye sahani. Akashangaa. "Kwani mama amelalamika?" Nikasema hapana. "Sasa wewe unalalamikia nini? Si unanipenda?" Alikuwa hata hajakasirika. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kitu ulichosahau.

Siku ya harusi ikafika. Nilipakwa hina na fundi aliyeletwa kutoka Nyamisati, na bila kuniuliza akanichorea ua moja kubwa katikati ya kila kiganja. Wanawake walilisifia mno lile ua. Mimi kila nikiutazama mkono wa kushoto, naona pale pale katikati ya ua ndipo mwiba utakapotua. Nikaufunika kwa mtandio. Shangazi akaufunua, watu waone.

Shekhe akaja kusimama mlangoni kwa pazia, yeye na baba na mashahidi. Shangazi alishaniminya paja: "Wewe nyamaza tu. Bibi harusi akinyamaza ndiyo keshakubali." Shekhe akauliza kama nimeridhia kuozeshwa kwa kijana yule, akamtaja jina na la baba yake. Mimi jasho linanitoka, mkono uko wazi mapajani. Nikaona nikinyamaza, yamekwisha. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni lile lile neno nililolizoea.

"Nampenda."

Vigelegele vikapasua paa. Shekhe akangoja mpaka vikatulia.

"Sijakuuliza hilo, mwanangu. Nimekuuliza, umeridhia?"

Yarabi! Miezi yote ile hakuna aliyeniuliza hivyo. Wote waliniuliza lile jingine, na mimi nikawajibu lile jingine.

"Sijaridhia," nikasema.

Shangazi akaruka. "Amesema anampenda, shekhe! Sote tumesikia!"

"Hata mimi nimesikia," shekhe akasema. "Nimesikia yote mawili." Akamgeukia baba, wakatoka nje.

Sitasimulia matusi niliyoyapata. Pilau lililiwa lote, maana watu wetu hawasusi pilau kwa mambo ya watu. Baba hakusema nami mpaka tulipomaliza kuvuna mpunga, na mama mdogo akanipachika jina la Bibi Miiba, ninalo mpaka leo. Na yule bwana nilimlilia, wallahi nilimlilia, usidhani kinyaa kinafuta kitu. Nilikuwa nalia na kusikia kinyaa kwa pamoja.

Hina ilikuwa bado haijaisha mikononi nilipokwenda Kibiti kurudisha vyombo dukani. Nikakutana uso kwa uso na mama yake sokoni, kapu mkononi, ndani yake mwatiko wawili. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," nikijua nitatukanwa mbele za watu. Hakunitukana. Aliushika mkono wangu, akaugeuza, akalitazama lile ua lililokuwa linafifia.

"Mimi nilikupenda, mwanangu," akasema. "Nikajua mwaka huu nami nitapumzika."

Hapo hasira zote zikanipanda, juu yake na juu ya mwanawe na juu ya wale wote waliopiga vigelegele. "Si upumzike, mama! Nani kakuzuia? Kunja tu mkono wako!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa anabishana nami.

"Sasa atatemea wapi?"