Mawese Kwenye Miguu ya Ndege ya Eliya

Sikuwa nimelala, na homa sikuwa nayo. Nayasema haya mapema kwa sababu kila nikianza kusimulia kuna mtu hunigusa paji la uso kuona kama nina joto. Yalitokea jikoni kwangu, Nyakitonto, kumeshakucha, majogoo wamewika mpaka wamechoka. Ukitaka kuyakataa, yakatae ukishamaliza kusoma.

Ndege ilikuwa ya mwanangu Eliya. Ndiyo, ndege ya kuruka, aliyoiunda mwenyewe uani, na ruhusa ya kuijaribu alikuwa ameshapewa. Huyu Eliya sikumzaa. Alizaliwa na mke mwenzangu, Perusi binti Andrea wa Mabamba, aliyefariki mtoto akiwa bado ananyonya. Nilimwosha mimi, nikamvika kitenge chake cha kijani mimi, tukamzika ng'ambo ya migomba. Mtoto nikamfunga mgongoni kwangu. Sasa huyo ndiye anataka kupanda angani. Wewe ungepata usingizi?

Watu walicheka. Jirani yetu mzee Filimoni akipita lazima aulize itaruka lini, au tunangoja kuku anyonyeshe? Kilichowachekesha zaidi ni magurudumu, maana Eliya aliyafanya ya kukunja. Alisema ndege wa Mungu akishapaa hukunja miguu, na yake ikiachwa ining'inie upepo utaikamata. Yalikuwa magurudumu ya pikipiki, yanavutwa kwa mnyororo wa baiskeli, na kando ya kiti kuna mkono wa kuzungusha. Zungusha hivi, miguu inaingia tumboni. Zungusha vile, inashuka, kisha pini ya chuma inaingia kwenye tundu lake na kufunga goti. Pini isipoingia, ndege ikigusa ardhi goti linakunjika, na aliye ndani haponi. Hilo alinieleza Diedone, fundi wa kuchomelea, Mkongo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ndiye msaidizi wa Eliya. Kila wiki waliiinua ndege juu ya magogo, wakafuta vumbi, wakapaka grisi, wakazungusha miguu iingie na kutoka.

Wiki ya kuruka, grisi ikaisha. Na sisi watu wa Kigoma tukikosa grisi tunapaka nini? Bawaba ya mlango tunapaka mawese, mnyororo wa baiskeli mawese, mtoto mwenyewe mawese. Nikatoa chupa yangu jikoni. Diedone akanitania kwamba avioni yetu, ndivyo waitavyo ndege kwao, itanukia chungu cha sombe, yaani kisamvu. Wakapaka mnyororo, bawaba na pini, jua likiwaka. Miguu ikaingia na kutoka bila kelele, tukapiga makofi. Ikakubaliwa Eliya aruke Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Ilikuwa kiangazi, na baridi ya milima yetu mnaijua. Jumamosi kulipokucha nikaingia jikoni nimpikie Eliya uji. Perusi alikuwa amekaa kwenye kigoda changu.

Niamini. Kitenge kile kile cha kijani. Mimi nimekuwa kikongwe, yeye bado binti, na mwanya wake wa mbele. Watu huniuliza kama alikuwa na kivuli. Sikuangalia kivuli. Nilichoona ni kwamba mimi nikihema natoa mvuke kwa baridi, yeye hatoi.

Muumini anajua la kufanya hapo. Nilishafungua mdomo nikemee kwa jina la Yesu. Lakini akainua mkono, akaonyesha chupa ya mawese kichanjani, na mimi, labda kwa mazoea ya miaka tuliyopika pamoja, nikamshushia. Vidole vyetu vikagusana. Baridi ile sijaipata hata kisimani.

Akaipindua chupa, mdomo chini. Hakikushuka kitu. Mawese yalikuwa yameganda kama samli. Mwanamke gani wa Kasulu halijui hilo? Kila asubuhi ya kiangazi tunaisogeza chupa motoni ndipo yamiminike. Nalijua tangu utoto, na siku ile halikunijia kabisa.

Akasema kwa Kiha chetu, polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto: "Dada, huko juu hakuna jiko."

Nikatazama, chupa iko chini kando ya mafiga, kigoda kitupu.

Nilikimbia. Eliya alikuwa ameshajifunga mkanda. Nikashika bawa la ndege, nikamwambia haendi popote mpaka akunje miguu na kuikunjua mbele yangu, kwa baridi hiyo hiyo.

"Mama, si tumezungusha juzi ukaona mwenyewe?"

"Juzi kulikuwa na jua."

Diedone akasema tufanye tu, hatupotezi kitu. Wakaiinua ndege juu ya magogo. Miguu ikaingia kwa kulazimishwa. Tukaiacha kidogo, baridi ifanye kazi yake. Eliya akazungusha kuirudisha. Mguu wa kushoto ukashuka. Wa kulia ukafika nusu ukagoma, na pini zote mbili zikabaki juu, zimeshikwa na mawese. Akakaza mkono mpaka mnyororo ukakatika.

Eliya akashuka, akakaa kwenye nyasi zenye umande. Akauliza nani ameniambia.

"Mama yako," nikamjibu. "Aliyekuzaa."

Alikuwa hajawahi kuniuliza habari za Perusi. Asubuhi ile aliuliza mpaka uji ukapoa, nami nikamweleza yote.

Wakaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, Diedone akafuata grisi na mnyororo Kasulu mjini. Wiki iliyofuata Eliya akaruka. Akakunja miguu, akazunguka juu ya migomba, akaikunjua, akatua, ndege ikasimama kwa miguu yake. Mzee Filimoni alilia kuliko mimi.

Tangu hapo vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia havipati joto, hata nivisogeze motoni. Mganga wa zahanati anasema ni umri. Mchungaji anasema lilikuwa pepo. Simbishii, ananiombea vizuri. Ila pepo gani huyo mwenye uchungu wa mtoto? Kila asubuhi namshukuru Mungu, na nikishamshukuru Mungu namshukuru Perusi binti Andrea, kwa jina lake lote.

Na wewe nakuonya. Siku ukimkuta mtu wako aliyetangulia amekaa mahali pako, usikimbilie kumfukuza. Mwache kwanza aseme. Ningemkemea Perusi kabla hajaipindua ile chupa, leo ng'ambo ya migomba pangekuwa na makaburi mawili, la mama na la mwanawe.