Msumari Wangu na Kuta za Mulimani

Siku yangu ya kwanza kazini, kiti kilinichania kitenge. Kilikuwa kiti cha mbao kilichochomoza msumari nyuma, na kitenge chenyewe nilikuwa nimekiazima kwa dada yangu ili nionekane mtu wa biro, yaani wa ofisi. Sikulia. Nilichukua jiwe lililozuia mlango, nikaugonga ule msumari mpaka ukatoka, nikautia mfukoni. Ninyi vijana mnaoniuliza kazi ya serikali ilikuwaje wakati wa Zaire, nitawaeleza habari ya msumari huo, kwa sababu karibu kazi yangu yote imo humo.

Niliajiriwa kuwa daktilo, yaani mpiga taipu, hapa Kalemie. Nilijifunza peke yangu. Nyumbani hatukuwa na mashine, basi nilichora herufi zake kwenye karatoni, jinsi nilivyoziona dirishani kwa masista, nikazigonga kwa vidole miezi mingi. Vidole vilijua njia kabla ya kugusa chuma. Lakini anayejifunza peke yake hana mwalimu wa kumwambia inatosha. Mpaka leo sijui kazi inatosha lini. Ukurasa wenye kosa moja niliupiga wote upya, na moyo ulinidunda kama mtu aliyeiba.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Shefu wa Biro, mtu mnene aliyevaa abakosti yake, lile koti lisilo na tai, na kufunga vifungo vyote hata wakati wa joto. Wiki ya pili aliniita.

"Sitwayeni," akasema, maana miaka ile sisi sote tulikuwa sitwayeni, yaani raia, bwana na bibi zilikatazwa. "Yule mupimaji wa nyumba alivuka ziwa kwenda Kigoma kuuza vitambaa. Hajarudi. Weye unajua kusoma mita?"

"Ninajua, Papa Shefu."

"Basi weye njo mupimaji. Ukimaliza kupima, unakuja kupiga mashine mwenyewe. Tunaokoa mushahara wa muntu mmoja."

Basi nikawa ndiye mupimaji. Nieleze kazi hiyo. Kila mwaka mwenye nyumba alitozwa kodi ya nyumba na parsele yake, yaani kiwanja. Baraza la washauri wa mji ndilo lililoamua kiwango, lakini kiwango kilifuata daraja la nyumba, na daraja lilifuata ukuta. Ukuta wa matofali ya kuchoma uliitwa wa kudumu. Nusu matofali ya kuchoma na nusu matofali mabichi, wa nusu kudumu. Miti na udongo, si wa kudumu. Mupimaji aliyenitangulia alisimama barabarani, akamwuliza mwenye nyumba, "Papa, niandike nini?" na mwenye nyumba akamjibu kwa chupa ya bia.

Mimi niliigeuza fomu. Nyuma yake kulikuwa na maelezo kwa Kifaransa, herufi ndogo kama sisimizi. Nilikaa nayo siku nne na kamusi ya kuazima. Ilisema mupimaji ahakikishe mwili wa ukuta, si lipu. Nina hakika hakuna mtu mwingine mjini aliyewahi kuisoma sentensi hiyo. Nikautoa msumari wangu. Lipu ya saruji huwa ina ufa mahali fulani; ukiingiza ncha na kukwaruza, udongo mbichi unamwagika wa kijivu kama unga, tofali la kuchoma linakataa, na ukishindana nalo linakupa vumbi jekundu kidogo tu.

Watu walinichukia mara moja.

"We binti, nyumba yangu ina upele?"

"Hapana, Mama. Ninatazama ndani."

"Njo unaikuna! Ukune na mugongo wangu, basi!"

Wakaniita Mama Musumari, nami nilikuwa sijaolewa. Nakiri kwamba nilirudi kwenye nyumba moja mara tatu, kwa sababu kipimo changu cha Jumatatu na cha Jumatano vilipishana kwa upana wa kidole. Mwenye nyumba alinipa kiti safari ya tatu, kwa huruma.

Basi, Mulimani. Ilikuwa kartye, yaani mtaa, ya juu kidogo, nyuma ya reli, na kati yake na barabara ya sokoni na ya matèrnité, hospitali ya kujifungulia, palikuwa na korongo. Watu walivuka juu ya vyuma viwili vya reli vilivyowekewa mbao. Kila masika korongo lilipanuka na mbao zilikwenda na maji. Jumamosi watu walifanya salongo, kazi ya lazima ya wote, wakaweka mbao nyingine. Ndipo barua ikatoka mkoani: serikali inatoa subsidi, msaada wa fedha, kwa daraja la zege, kwa kartye ambayo nusu ya nyumba zake ni za kudumu. Kartye isiyofika nusu iendelee na salongo.

Baraza lilikaa. Mimi niliandika mambo yaliyosemwa. Asubuhi ilikuwa habari ya kodi. Mshauri wa Mulimani, mwenye nyumba tatu kule, alisimama.

"Sitwayeni Komiseri, watu wangu njo maskini. Nyumba zao ni udongo tu, mvua ikipiga zinayeyuka kama sukari. Tuwawekee kodi ya chini."

Wote wakapiga makofi. Ikapita. Tukaenda kula. Mchana ilikuwa habari ya subsidi, na mtu yuleyule, mchuzi bado kwenye ndevu, akasimama tena.

"Mulimani njo kartye ya kisasa! Matofali ya kuchoma kushoto, matofali ya kuchoma kulia! Watupe daraja!"

Makofi tena. Ikapita. Mimi nilikuwa na karatasi mbili mezani, nikazilaza bega kwa bega.

"Papa Mushauri," nikasema, "ni nyumba zilezile?"

Shefu wa Biro alinipiga teke chini ya meza. Komiseri, mkuu wetu sote, aliyetumwa kutoka mbali na asiyetaka matatizo, alinitazama polepole.

"Sitwayeni, weye ni daktilo ao refa wa mupira?"

Walicheka mpaka mshauri mmoja akamwaga chai. Kisha Komiseri akatoa amri: liste mbili, yaani orodha mbili. Moja ya kodi, ibaki kwetu. Moja ya subsidi, iende mkoani. "Karatasi hazijuani," akasema.

Nilikwenda Mulimani na msumari wangu hata hivyo, nyumba kwa nyumba. Niliomba Mungu nyumba za kudumu zifike nusu kweli, ili liste ya mkoani iwe safi na nisilazimike kudanganya. Nikahesabu mara nne. Ilipungua nyumba moja.

Nyumba hiyo moja nilijua ni ipi. Ilikuwa ya Mama Anzelani, mjane, mwuza samaki wakavu. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa reli, alileta matofali ya kuchoma kidogo kidogo, yakafika chini ya dirisha, naye akafa. Juu wakamalizia matofali mabichi, wakapaka lipu nzuri kote. Kwa macho ilikuwa nyumba bora kuliko zote. Chini ya dirisha msumari ulikataa. Juu ya dirisha unga wa kijivu ulinimwagikia viatuni.

"Imepungua ngapi?" akauliza. Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kujua.

"Moja, Mama."

"Andika yangu ya kudumu."

"Mama, kodi yake itapanda. Ya daraja la juu kabisa."

"Nimesikia. Nitalipa. Muke wa mutoto wangu ana mimba, na mimi ninapita kwenye zile mbao na kikapu kichwani kila siku ya Mungu. Wenye nyumba kama yangu wamejificha wote, umeona? Mimi ninakuambia mwenyewe: andika."

Hapa ndipo mahali pa aibu yangu, na nitapasema wazi. Mama huyu hakuomba kupunguziwa, aliomba kuongezewa. Neno moja. Nami nilisimama na kalamu, nikatazama ule unga viatuni, na mkono ukakataa.

"Siwezi, Mama. Juu ya dirisha ni mbichi."

"Njo unanifundisha nyumba yangu?"

"Fomu inasema mwili wa ukuta."

"Mutoto yangu," akasema, "weye unaogopa karatasi kuliko maji." Akaingia ndani.

Nilipiga liste moja tu, ya kweli, kwa kodi na kwa subsidi pia. Nikaipeleka kwa Shefu katikati ya rundo la barua, wakati ndege ya posta ilikuwa inangojwa, naye akatia sahihi bila kusoma kama kawaida yake. Wengine baadaye waliniita jasiri. Msinisifu. Jasiri anajua anachokitetea. Mimi sikuweza tu kulala nikijua kwamba karatasi mbili za mashine yangu zinapingana.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu: nyumba za kudumu hazifiki nusu, ombi limekataliwa. Na kwa kuwa liste ilikuwa moja, imetiwa sahihi na mihuri, Baraza lilishindwa kurudisha kodi ya chini. Wenye matofali wote wakaandikiwa kodi ya matofali. Kwa usafi wa karatasi yangu, Mulimani ilipata kodi ya watu wa kisasa na njia ya mbuzi.

"Nilikuomba liste," Shefu alinifokea, vifungo vikitaka kukatika, "sikukuomba Biblia!"

Masika ile mbao zilikwenda na chuma kimoja cha reli. Mkwe wa Mama Anzelani alishikwa na uchungu mchana, mvua inanyesha. Wanaume wanne walimbeba kwenye machela kuzunguka kwa njia ya treni, ambayo ni mbali sana. Hawakufika. Alijifungua kando ya reli, chini ya turubai lililoshikwa na mikono. Mtoto wa kike, alipona, mama naye alipona. Walimwita jina la kikristo, lakini Mulimani yote inamwita Reli mpaka leo. Nilipeleka sabuni na kitambaa. Mama Anzelani alipokea, akasema asante, akafunga mlango.

Mwaka huo nilihamishwa Kongolo, "kwa mahitaji ya kazi" kama barua ilivyosema. Nilikaa kule miaka sita, nikipima nyumba zilizotazama Lualaba. Mkuu wangu alikuwa Karani Mkuu wa zamani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na siku moja nilimsimulia habari yangu. Alivua miwani akaifuta.

"Binti yangu, katika maisha yangu ya kazi nimepeleka liste nyingi mkoani. Unajua wangapi walikuja kutazama nyumba?"

"Wangapi, Papa?"

"Mpaka leo bado ninamngoja wa kwanza."

Nilicheka pamoja naye, kisha nikaenda nyuma ya biro kukaa peke yangu, maana lile neno moja la Mama Anzelani lisingegunduliwa na mtu yeyote.

Niliporudi Kalemie, Komiseri alikuwa wa nne tangu yule, Shefu alikuwa amestaafu akifuga bata, na yule Mshauri wa Mulimani alikuwa na nyumba tano zilizoandikwa za udongo. Nilirudishiwa mita yangu. Baraza lilikaa na kuamua, likakaa na kuamua. Liliamua kodi ambazo hakuna aliyelipwa mshahara wa kuzilipa, na kuomba subsidi kutoka mkoa usiojibu tena. Mimi nilipiga yote kwenye mashine bila kosa.

Mwaka wangu wa mwisho, noti zilipokuwa na sifuri nyingi kuliko vitu dukani, nilipanda Mulimani na daftari mara ya mwisho. Nilikusudia kuiruka nyumba ya Mama Anzelani, niandike kama zamani, nusu kudumu. Alikuwa amekaa mlangoni, amezeeka, akichambua dagaa.

"Mama Musumari. Unapita hivi hivi?"

"Shikamoo, Mama. Nimeishaijua nyumba yako."

"Huijui. Kwaruza."

Niliingiza ncha kwenye ufa juu ya dirisha. Ikateleza. Nikahamia pembeni, kisha karibu na paa, nikapanda juu ya kiti chake. Kila mahali ukuta ulikataa, na vidole vyangu vikawa vyekundu.

"Mama, lini?"

"Tofali mbili, tofali tatu. Nikiuza vizuri, ninatoa bichi, ninaweka ya kuchoma, ninapaka. Miaka yote uliyokuwa Kongolo na nyingine juu. Andika sasa."

Nikaandika: ya kudumu. Kisha nikamwambia ukweli, kwa sababu sikujua kumwambia kitu kingine: kodi yake itapanda, subsidi hakuna tena, na hakuna mtu mkoani anayehesabu nusu ya Mulimani.

"Najua," akasema. "Unafikiri nilijenga kwa ajili ya daraja lenu? Nilichoka kuwa ile nyumba iliyopungua."

Akaniomba msumari, atundike kikapu. Nikampa. Aligonga kwa jiwe mara tatu juu ya dirisha, nao ukapinda kama ndoana. Akacheka mpaka akashika mbavu, akanirudishia.

Sasa ninapumzika, kama ni kupumzika. Pensheni yangu nimeifuata kwenye madirisha mengi ya biro, na kila dirisha limenituma kwa lingine. Vijana wa biro huja kuniuliza tulifanyaje. Nawaambia: someni nyuma ya fomu, maana hakuna mwingine atakayeisoma. Halafu nawaambia jambo ambalo halimo kwenye fomu yoyote: mtu akija kuwaomba mmwandikie kodi ya juu, wekeni kalamu chini, muulizeni kwanza anavukia wapi. Sina hakika wananielewa. Wana haraka, na Mulimani bado wanavuka kwenye chuma na mbao. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeshika ncha moja ya ubao, na Reli, ambaye sasa ana watoto, alikuwa ameshika ya pili.

Msumari uko kwenye kopo dirishani kwangu. Mimi niliyerudia ukurasa mzima kwa kosa moja, huu sijaunyoosha.