Jesca Hakuanguka

Febronia alimwosha mwanawe kwa mikono yake. Wanawake wa pale msibani walimwambia, "Mama Jesca, kaa nje, kazi hii si yako," akawajibu kwamba yeye ndiye aliyemwosha siku aliyozaliwa, na leo pia atamwosha yeye. Wakampisha, wakabaki kumpokeza maji.

Mle ndani akaona kila kitu. Mgongo ulikuwa na michirizi ya mkanda, mingine mibichi, mingine iliyokwisha kupona na kuacha makovu. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba pale mtu anapojikingia. Nyuma ya sikio kulikuwa na jeraha ambalo kitambaa hakikutosha kulifunika. Na huko nje, chini ya turubai, wazee wa upande wa mume walikuwa wakiwaeleza waombolezaji kwamba Jesca aliteleza na ndoo ya maji akaangukia jiwe.

Hakulia. Alimaliza, akamvika gauni, akanawa mikono, akatoka.

Kabla ya hapo Febronia alikuwa mtu wa kawaida kabisa pale Ulemo. Alilima alizeti na mtama, alikuwa kwenye kwaya ya akina mama, na alijulikana kwa sauti yake nene na kwa kutopenda kuzungushwa. Mumewe, Mathayo, alikuwa kinyume chake. Mzee wa kanisa, mpole, hajawahi kumwinulia mkono mkewe hata mara moja. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumkatalia mtu. Mgeni akiketi kwake na kusema kwa adabu, chochote anachoomba atapewa. Watu walimsifu kwa hilo.

Jesca, mtoto wao wa kwanza, alijifunza ushonaji akafungua kibanda cha cherehani Shelui, karibu na yanapoegeshwa malori. Hapo ndipo alipokutana na Zefania, mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Sekenke, aliyeleta suruali iliyochanika magotini. Kijana mcheshi, anayesalimia wakubwa kwa kuinama. Posa ikaja, mahari ikatolewa, ndoa ikafungwa kanisani. Wakajenga Sekenke, kwenye mji wa akina Zefania, ua mmoja na nduguze.

Mkong'oto ulianza kwa maneno. Kwa nini unacheka na madereva? Yule aliyekuletea shati ni nani? Kisha Zefania akaiuza cherehani bila kumuuliza mwenyewe. Jesca alipouliza, akajibiwa kwa mkanda.

Alikimbilia kwao. Nyuma yake akaja Mzee Antipasi, baba mdogo wa Zefania, msemaji wa ukoo ule, na mbuzi wa kuombea radhi. Wakaketi na Mathayo, wakanywa soda. Antipasi akasema, "Vikombe vikiwekwa kabati moja haviachi kugongana."

Febronia alikuwa amesimama mlangoni. "Shikamoo, mzee. Mimi ninachoona kinachogongwa ni kikombe kimoja tu."

"Mama Jesca," Mathayo akamkatiza taratibu, "tuache wazee tuzungumze."

Wakazungumza. Jesca akarudishwa. Akaja tena akiwa na mimba, wakazungumza tena, akarudishwa tena. Kila mara waliinuka pale wakipeana mikono na kushukuru Mungu kwa amani, utadhani wao ndio waliokuwa vitani.

Mara ya mwisho alikuja kwa bodaboda akiwa na watoto wake wawili, Elisha na Martha, jicho moja limefumba. Febronia alimkanda kwa maji ya moto na kumwambia, "Safari hii hutoki hapa. Akija Antipasi, atapambana na mimi." Jesca akalala mchana kutwa kama mtu aliyetoka kulima.

Kesho yake Febronia alipeleka alizeti kwenye mashine ya kukamua mafuta. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi alasiri na dumu lake kichwani, uani palikuwa kimya. Mathayo alikuwa ameketi kwenye kigoda, hamtazami.

"Jesca yuko wapi?"

"Amerudi kwa mumewe. Walikuja. Kijana amejuta kweli, mama. Amepiga magoti."

"Amempigia nani magoti?"

"Mimi. Hapa hapa."

"Wewe!" Febronia alilitua dumu kwa kishindo. "Wewe ndiye uliyepigwa?"

Jesca mwenyewe hakutaka kwenda, hilo Mathayo alilikiri baadaye. Alimwangalia baba yake, akasubiri aseme neno. Baba akasema, "Nenda mwanangu, Mungu atawasaidia." Jesca akambeba Martha mgongoni, akamshika Elisha mkono, akaenda.

Febronia akapiga simu ya binti yake, haikupatikana. Akapiga tena kesho yake na kesho kutwa. Akafunga vitu vyake vichache ili aende Sekenke mwenyewe, na hapo ndipo simu ikaita. Alikuwa Antipasi. Alisema kuna ajali imetokea.

Basi alipotoka kumwosha mwanawe, kaburi lilikuwa limeshachimbwa na mwinjilisti ameshika kitabu. Watu walikuwa wakiimba. Akapita katikati yao, akasimama mbele ya jeneza tupu lililokuwa likisubiri mwili.

"Hatuziki," alisema.

Wimbo ukakatika.

"Jesca hakuanguka. Nimemwosha mimi. Jiwe halina mkanda. Jiwe halimpigi mtu mgongoni mwaka baada ya mwaka. Kama kuna mwanamke hapa aliyenisaidia kuosha na hakuona nilichoona, aseme sasa."

Antipasi akaja haraka akiwa ameinua kiganja. "Mama, una uchungu, tunaelewa. Kazi ya Mungu haina makosa. Mambo mengine tutayamaliza kifamilia."

"Usimsingizie Mungu!" Sauti yake nene ilipasuka. "Mungu hakushika mkanda! Mmeyamaliza kifamilia mara ngapi? Haya, ndiyo mmeyamaliza. Mmemmaliza!"

Zefania alikuwa ameketi kati ya waombolezaji wa kiume, amefunikwa kitenge begani kama mfiwa. Alipoinuka polepole kuelekea nyuma ya nyumba, vijana wa kwaya waliotoka Ulemo wakamzunguka, wakamkalisha. Febronia akawapigia polisi yeye mwenyewe, mbele ya watu wote, akitaja jina la marehemu na jina la mume, moja baada ya jingine. Zefania akakamatwa, mwili ukachukuliwa ukapimwe. Kaburi lile la Sekenke likafukiwa tupu. Jesca alizikwa baadaye Ulemo, nyumbani kwao, na kuna wazee ambao hadi leo wanasema hiyo ni aibu. Waseme.

Ungedhani baada ya hapo kazi imekwisha. Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Majirani wa Jesca waliosikia kelele siku aliyokufa sasa walikuwa hawajasikia. Mmoja alikuwa shambani, mwingine alikuwa amelala, wa tatu redio yake ilikuwa juu. Febronia aliwafuata mlango kwa mlango na kuwauliza, "Nyumba yenu ipo hatua chache. Mtoto wangu aliwaita kwa majina. Mlifikiri anaimba?" Wengine walimfungia mlango.

Aliyefungua mdomo alikuwa Ritha, mdogo wake Zefania, binti ambaye bado alikuwa akiishi kwenye mji ule ule. Alimkuta Febronia kisimani, akatua ndoo.

"Shikamoo, mama. Niliona," alisema. "Nilijaribu kumshika kaka, akanisukuma. Wazee wakaniambia nikisema, mimi si wa kwao tena."

"Na wewe unasemaje?"

"Wifi aliniita mimi, mama. Aliniita, nikashindwa. Nitasema."

Akasema mahakamani, kaka yake akimkazia macho. Ukoo ukamfukuza kama walivyoahidi. Leo anapikia madereva chakula Shelui, na haombi radhi kwa mtu.

Zefania alipopewa nafasi ya kujitetea, alisema shetani alimpitia. Febronia alishindwa kujizuia, akasema kwa sauti hata akaonywa: "Shetani huyo mbona hampitii akiwa na bosi wake wa duara kule machimboni? Anatukanwa kule siku nzima, mkono haunyanyuki. Anamjua wa kumpiga!"

Zefania alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa. Bila kukusudia! Febronia alilisikia neno hilo na bado linamkaa kooni. Mtu anakusudia mkanda, anakusudia ngumi, anakusudia kuuza cherehani na kuzima simu, lakini kifo, hapana, hicho kilijileta chenyewe.

Nyumbani, ambako sasa walikuwa wakiwalea Elisha na Martha, yeye na Mathayo waliishi kama wapangaji. Alimpikia, akamwekea maji ya kuoga, hakumpa neno. Mathayo aliacha uzee wa kanisa, akakonda.

Kisha, msimu wa kupura alizeti, wakaja tena. Antipasi na wenzake wawili, wamevaa makoti. Wakaketi kwa adabu, wakaulizia mvua, wakaulizia mifugo. Halafu Antipasi akasema kwamba mahari ilishatolewa, na kwa hiyo watoto wale ni wa ukoo wao. Wamekuja kuwachukua. Kwa amani.

Febronia, aliyekuwa akipiga vichwa vya alizeti kwenye turubai, aliinuka na fimbo yake mkononi. Hakuwafikia. Mathayo alikuwa ameshasimama.

"Tokeni," alisema.

"Baba Jesca, tuzungumze kama wazee..."

"Nilishazungumza na ninyi. Mlinikuta nimeketi hapa hapa, mkaomba, nikawapa mtoto wangu. Nilishawapa mmoja. Sina mwingine wa kuwapa. Tokeni kwangu!"

Wakatoka, wakikung'uta vumbi la makoti yao na kunung'unika kuhusu desturi. Mathayo akabaki amesimama katikati ya uwanja, kisha akamgeukia mkewe kama mtoto anayesubiri kuambiwa kitu.

"Usitegemee nikushukuru," Febronia akamwambia. "Neno hilo lilikuwa na siku yake."

Mathayo akaitikia kwa kichwa. Akaokota fimbo ya pili, akaketi upande wa pili wa turubai, akaanza kupura. Elisha na Martha walikuwa wakigombania mbegu zilizorukia mchangani, wanazila zikiwa bichi, na bibi yao akawafokea waache, zitawaumiza matumbo.