Piano Ile Inamsema Nani?

Juzi niliingia duka la vitambaa hapa Tanga, nikakuta ubishi. Mzee mwenye duka, ambaye hushinda akisikiliza piano za Wazungu wa zamani, alikuwa amefumba macho, mkono kifuani, piano ikilia redioni.

"Mtunzi huyu Mpolandi hana mfano," alisema.

Rafiki yake, mwalimu mstaafu, akatikisa kidole. "Wajerumani ndio mabingwa. Huyu wako kazi yake kulia tu."

Mama mmoja aliyekuwa akichagua kitambaa akakiweka chini. "Shikamooni wazee wangu. Kwani huyo mpiga piano anamsema nani?"

"Hamsemi mtu, mama. Ni hisia tu," akajibu mwenye duka.

"Hisia bila mlengwa? Sasa mtu atainuka kumtunza pesa ili amchome nani?"

Kwenye taarabu zetu hakuna anayeinuka na noti yake bure. Kuna jirani anaambiwa kupitia wimbo ule. Ubishi wa Mpolandi na Wajerumani ukaishia hapo.

Nyumbani nikaupiga muziki ule kwenye simu, labda ningeelewa. Mke wangu akaacha kukuna nazi. Akausikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza taratibu:

"Haya. Nimekukosea nini?"