Siku Arobaini za Kilo Themanini na Moja

Fundi bomba alikuwa tayari kuweka dau spana yake kubwa, ile asiyomwazima hata shemeji yake, kwamba ukisimulia habari hii kijiweni hakuna hata mmoja atakayeiamini. Kwanza, kwamba mwanamume wa kifua kile, aliyewahi kubeba sinki la chuma mgongoni hadi ghorofa ya nne, moyo wake umechoka kusukuma damu. Pili, kwamba wamemtengeneza bila kumpasua kifua.

Ndivyo ilivyokuwa. Walipitisha mrija kwenye mshipa wa paja, wakapanda nao hadi moyoni, wakaacha kidude kidogo kama kifungo cha shati kwenye ukuta kati ya chumba na chumba. Kina tundu katikati. Damu ikijaa upande wa kushoto, inapenya kidogo kwenda kulia, presha inashuka, mapafu hayalowi maji. Daktari alikuwa anamweleza taratibu, fundi akamkatiza.

"Hiyo ni valvu ya usalama. Mimi nazifunga kwenye matangi ya maji ya moto tangu wewe hujaota meno."

Nesi wa kliniki ya moyo, binti mwenye sauti ya chini, akampa masharti. Maji, chai, supu, vyote kwa jumla visizidi lita moja na nusu kwa siku. Na akampa mzani: apande kila asubuhi, amtumie kilo kwa simu. Uzito ukipanda ghafla ni maji yanajikusanya mwilini, na dawa inaongezwa mapema.

Wiki ya kwanza alipanda. Themanini na moja. Nesi akamsifu mbele ya wagonjwa wenzake, na fundi shule aliiacha darasa la tano, hakuwahi kusifiwa na mtu mwenye kalamu. Siku ya tisa mzani ukasema themanini na mbili na nusu. Akashuka, akaupanda tena polepole kama anauvizia. Vilevile. Akaandika themanini na moja.

Halafu ufundi wake ukamnong'oneza: tangi likishafungwa valvu, nani anahesabu ndoo? Akarudia kunywa jagi zima zima kazini. Mzani ukageuka meza ya sanduku la spana. Kilo aliendelea kutuma, na hata kutunga kuna ufundi: leo themanini nukta tisa, kesho themanini na moja nukta mbili, isionekane imenakiliwa.

Siku ya arobaini alipanda ngazi tatu tu kwa mteja, akakaa chini. Miguu imejaa, soksi zimemchora pete. Mkewe akamkokota hospitali, na mzani wa wodi ukasema themanini na tisa.

Daktari akatazama simu ya nesi. "Asubuhi ya leo themanini na moja. Mzani uliompa ni mbovu."

"Niliukagua mwenyewe, daktari."

"Basi uliukagua vibaya. Mtu anajaa maji nyumbani kwake, wewe unaandika anaendelea vizuri. Wangapi wana mizani hiyo?"

"Kumi na mmoja."

"Wapigie wote wairudishe. Na kliniki mwachie mwenzio kuanzia kesho."

Mkewe fundi akadakia, "Sisi tulikuamini, mwanangu. Kumbe mzani uliotupatia ni takataka."

Nesi akatazama viatu vyake. Fundi, mdomo usiokosa jibu, akageukia dripu ya dawa ya kupunguza maji, akaanza kuhesabu matone. Nafasi ya kusema ilikuwa pale pale, akaiacha ipite, daktari akaenda zake.

Baadaye nesi akarudi, akavuta kiti.

"Nisamehe, mzee wangu. Nusura nikuue. Kila asubuhi, kabla sijavua hata sweta, nafungua ujumbe wako. Nikiona uko palepale nafurahi. Wenzako nawaambia, fanyeni kama fundi."

Fundi akavuta shuka hadi kidevuni. Angetukanwa, angejua la kujibu.

"Mzani ni mzima," akaliambia shuka.

"Unasemaje, mzee?"

"Mzani ni mzima. Sijaupanda mwezi mzima. Nimeweka spana zangu juu yake. Kilo nilikuwa natunga."

Mkewe, aliyekuwa anakunja nguo, akaacha. "Hata ya leo?"

"Ya leo niliitunga kitandani."

Nesi akasogeza kiti nyuma. "Utamwambia daktari?"

"Mwite."

Akamwambia, wodi nzima ikisikiliza, mpaka mgonjwa wa mlangoni aliyejifanya amelala. Akaeleza na habari ya valvu na ndoo. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho.

"Tangi lako lina bomba la kumwaga nje, fundi. Hapa damu inahama chumba tu, haitoki nyumbani. Kidude kinafanya kazi yake. Wewe ndiye uliyekizidishia maji." Akamgeukia nesi, akamwomba radhi mbele ya watu, akamrudishia kliniki yake.

Mkewe alipomwuliza sasa atamtazamaje yule binti, fundi alisema asijali, kufika kesho atakuwa ameshasahau, watacheka pamoja.

Asubuhi nesi alikuja na mzani, akampandisha, akainama akasoma mwenyewe, akaandika. Alisema "asante, mzee" kama anavyomwambia yeyote, akasogea kitanda kinachofuata.

Fundi alikuwa amekosea.