Picha Iliyoingia Lubunga

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisini, mjini Baraka kando ya ziwa, na pazia begani. Ninyi vijana hamkuliona pazia lile. Lilikuwa kitambaa kirefu kilichochorwa ndege na ngazi zake, na mbele yake, katika studio yangu, nilisimamisha maharusi, wahitimu na wavuvi walionunua mashine mpya ya mtumbwi. Kila mmoja aliondoka na picha ya mtu anayekwenda Ulaya kesho asubuhi. Basi nilipoajiriwa kuwa mpiga picha wa mradi wa malezi ya watoto wadogo, nilikunja pazia langu, nikavaa koti, nikaenda.

Mkuu wetu, Madame Chef de projet, alikuwa mama mfupi wa miwani asiyependa maneno mengi. Alilitazama pazia, akanitazama mimi.

"Papa, hii ni ya nini?"

"Ya kusimamisha bantu mbele, Madame Chef."

"Siye hatusimamishe bantu. Tunataka kuona namna banaishi na batoto yabo. Rudisha pazia ku nyumba."

Nilirudisha, na nilinuna njia nzima. Nani anamwambia fundi aache kifaa chake mlangoni?

Kazi yenyewe tulielezwa hivi: akili ya mtoto haingoji shule. Tangu bado ananyonya, inajengwa kwa vitu vidogo vya kila siku, kama kuongeleshwa, kungojewa ajibu hata kwa sauti isiyo na neno, kuimbiwa, kupewa kitu akigeuzegeuze. Ofisini neno lake lilikuwa éveil, yaani kumwamsha mtoto. Ukutani walibandika "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", na vijijini kila tulipoitaja methali hiyo watu waliitikia kwa sauti kubwa, kisha wakaenda zao kama walivyokuja.

Animatrice, ndiye mwanamke anayeongoza mazungumzo ya wazazi, alibeba boîte à images, daftari kubwa la michoro linalogeuzwa ukurasa mbele ya watu. Michoro ile ilitoka mbali. Huko Fizi-Centre mama mmoja alitazama mchoro wa mwanamke aliyekaa juu ya sofa akimchezesha mtoto na gari moshi la mbao, akauliza, "Huyu ni muke wa nani? Haiko na kazi?" Kikao kikaishia kwenye kicheko. Ndiyo sababu nilitafutwa mimi, ili watu wajione wenyewe.

Nikaanzia hapohapo Fizi-Centre, na nikaanza vibaya. Habari ilinitangulia. Wazazi waliwaogesha watoto, wakawapaka mafuta hadi wakang'aa, wakawavika nguo za misa, wakajipanga kwenye ukuta wa kanisa. Nami kwa mazoea yangu ya studio nikapaza sauti, "Musitikisike! Musicheke!" Walinitii kabisa. Superviseur, kijana mpole aliyepanga safari zetu, alipozitazama picha zile alikuna kichwa.

"Papa Foto, aba ni bantu ao ni mbao?"

Aliyenifundisha kazi upya ni Maman Riziki, animatrice wa Baraka niliyefuatana naye mpaka mwisho. Hakujua kushika kamera, lakini alijua watu. "We ukae paka bakuchoke," aliniambia, yaani nikae mpaka wanichoke. Basi ikawa desturi yetu: picha za kwanza nawapiga wamesimama na nguo zao nzuri, maana hiyo ni haki yao, na nawapa. Kisha sitoki. Nakula nao muhogo, naweka kamera juu ya goti, nangoja. Nguo za misa zinarudi sandukuni, mama anakumbuka sufuria yake, baba anaacha kukunja uso, na hapo ndipo nyumba inaanza kuishi. Na kila picha niliyoipiga ilirudi kwa mwenyewe kwanza, ili aseme kama watu wengine waione au wasiione. Wageni wengi waliwahi kupiga sura za watoto wetu wakaondoka nazo. Mimi sikutaka kuwa mmoja wao.

Sasa niwapeleke Ubwari, rasi iliyo ng'ambo ya maji kutoka Baraka.

Tulifika kwa boti katika kijiji cha wavuvi ambako akina mama walikuwa wanaomba nyumba ya watoto, banda la kuchezea na kujifunza wakati wao wako shambani. Mbao na mabati vilikuwa tayari Baraka. Kilichokosekana ni kiwanja, na kiwanja pekee cha tambarare kilikuwa kando ya maji, mahali pa kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Neno la mwisho juu ya ardhi ile lilikuwa la lubunga. Asiyejua Kibembe ajue kwamba lubunga ni nyumba ya wazi ya wanaume, wanapokula pamoja, wanapoamua mashauri na kuwafundisha vijana wao. Mwanamke haingii kuzungumza humo.

Na mikutano yetu ilijaa akina mama tu. Tulikuwa tunaiitisha siku za giza, wavuvi wanapovua kwa taa usiku kucha na kulala mchana. Superviseur alipoelewa hivyo aliugeuza mpango mara moja: tungekaa pale mbalamwezi nzima, kwa kuwa mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti ndagala na wanaume wako nyumbani. Lakini alituambia pia neno gumu. Mbalamwezi ikiisha lubunga haijakubali, mbao na mabati vinakwenda kijiji kingine. Binti wa Maman Riziki aliolewa pale, na wajukuu wadogo walishinda mchana mgongoni mwa dada yao, naye bado mtoto.

Sauti kubwa ya lubunga ilikuwa Mzee Etabo, bingwa wa kushona nyavu. Nilipomwamkia na kumweleza, hakuinua hata macho.

"Mutoto wa kunyonya haiko na akili bado. Utamwambia nini? Batoto banacheza benyewe, tangu zamani. Ile fasi ni ya ndagala."

"Muzee, basi niruhusu nikae hapa nione kazi yako."

"Kukaa si mbaya. Kaa."

Nikakaa, siku baada ya siku, hadi akanizoea kama kigoda chake. Asubuhi moja mkwewe alimwachia mjukuu, Sifa, mtoto mnene aliyeanza kukaa mwenyewe, akaenda shamba. Mzee akamweka kwenye mkeka kando ya wavu. Mtoto akakamata boya, akaliangalia, akatoa sauti: "Eeh-ba."

Sindano ya Mzee ikasimama hewani.

"Eee? Kumbe?" alisema, akimwinamia. Akangoja. Mtoto akasema tena. "Na ule samaki ulimupeleka wapi? Ulimula weye peke yako?" Mtoto akacheka mwili mzima, na yule mzee mkali akacheka naye.

Nikanyanyua kamera. Jua lilikuwa linatoka majini nyuma yao. Sisi wapiga picha tunaiita contre-jour, mwanga wa mgongoni, na ukipiga hivyo sura zote zinakuwa nyeusi kama sufuria. Nikajivuta taratibu kwa makalio hadi upande wa pili, nikapiga moja, nikapiga nyingine, nikapiga hadi boya likaanguka.

Nilivuka hadi Baraka nikazichapisha kubwa, upana wa mkeka wa sala, nikarudi mwezi bado haujapungua sana. Nikampelekea kwanza mwenyewe. Alizitazama muda mrefu.

"Muzee, naweza kuzipeleka ku lubunga?"

"Nyavu inaonekana muzuri," alisema kwa kujivuna. "Fundo zote ziko wazi. Peleka, bajifunze kushona."

Nilimwambia kwamba na mtoto anaonekana pia. Akasema ndiyo, na mtoto aonekane, ni mzuri.

Maman Riziki alizikunja picha kama mkeka, akanikabidhi nje ya lubunga. "Mi siingie. Lakini foto haiko mwanamuke wala mwanaume," alisema. "Iyo itaingia." Kisha akasimama kando na akina mama wengine, mahali wanapoweza kusikia.

Nilizifunga kwenye nguzo. Wanaume walitazama, na hakuna aliyesema habari ya fundo.

"Muzee Etabo, kinywa iko wazi. Ulikuwa unaongea na nani?" aliuliza kijana mmoja mvuvi.

"Na nyavu."

Lubunga ilipasuka kwa kicheko.

"Na hapa? Sindano iko juu, mukono haufanye kitu. Unangojea nini?"

Walimcheka mpaka wakashika mbavu. Mzee aliinuka, shingo imevimba, akagonga fimbo chini.

"Nilikuwa nangojea amalize! Ule mutoto alikuwa ananijibu!"

Nadhani yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuyasikia maneno yake. Alibaki amesimama akiitazama picha, akimtazama Sifa na kinywa chake kidogo kilichofunguka sawasawa na cha babu yake.

Yule kijana mvuvi ndiye aliyesema, taratibu na bila mzaha tena, "Wa kwangu pia anafanya vile. Nikimuongelesha, anarusha miguu." Mwingine akasema wake anajua sauti ya mashine ya mtumbwi wake. Mwingine akataka kujua kama mimi naweza kupita kwake kesho. Walizungumza juu ya watoto wao mpaka chakula kikapoa, na sijawahi kusikia causerie, yaani mazungumzo ya wazazi, nzuri kuliko ile.

Mwishoni Mzee Etabo akakohoa, wote wakamgeukia.

"Ndagala itakaukia fasi yoyote iko na jua," alisema. "Batoto bapate ile fasi."

Akina mama nje walipiga vigelegele hadi mbuzi wakakimbia. Maman Riziki alilia waziwazi, nami nikalia naye, koti langu na uzee wangu vyote pamoja.

Baada ya hapo nilitumwa Bibokoboko kwa wafugaji, kisha kwa wakulima waliokimbia kutoka Burundi, na kila mahali nilikaa mpaka wakanichoka. Nimepiga mababa wakiwaimbia watoto huku wakikamua ng'ombe. Mniache nijisifu: nilisimamisha watu maisha yangu yote, na kazi yangu bora niliifanya nilipowaacha watikisike.

Macho yalipoanza kuona ukungu niliomba kustaafu. Waliniagia Ubwari, katika nyumba ile ya watoto. Mzee Etabo alikuwepo, na Sifa, aliyekuwa tayari darasa la kwanza, akimbishia babu yake juu ya jina la samaki.

"Papa Foto, ona vile ulinitendea," Mzee alinilalamikia, meno yote nje. "Tangu siku ile hanyamaze."

Superviseur akataka kunipiga mimi picha. Nikafunga kifungo cha koti, nikanyoosha shingo, nikashika pumzi. Sifa akaja mbele yangu, mikono kiunoni.

"Papa, usisimame kama mbao. Ongea na mi."

Nikainama, nikamuuliza kama leo amekula ndagala. Akanijibu, na jibu lake lilikuwa refu.

Picha hiyo ninayo. Imetundikwa katika studio yangu ya zamani, juu ya pazia la ndege, na mimi ndani yake kinywa kiko wazi.